Picha Kumi na Moja za Thembo

Umesema nisikuonee huruma, Thembo,
nami nimefuta meza, nimesogeza kreti za soda,
nimevaa miwani yangu yenye mkono mmoja.
Haya. Zipange.

Ya kwanza: umekata anga na ardhi katikati
kama mtu anayegawa mche wa sabuni kwa wake wenza.
Hakuna aliyependelewa, hakuna aliyeridhika.
Shusha upeo au upandishe.
Chagua ugomvi.

Ya pili, anga limeungua. Hapo palipo peupe
hapana wingu wala hewa, ni karatasi tupu,
karatasi ileile niliyoikopa kwa Muhindo
na bado ananisalimia kwa kunidai.
Nyeupe iwe na kitu ndani yake.
Hata unga wa muhogo ukianikwa juani
una vilima vyake, una kivuli.

Ya tatu, Katwe. Nzuri. Nzuri mno.
Viwanja vya chumvi vimepangwa kama daftari la hesabu,
maji yametulia hadi ndege ana miguu minne.
Lakini uliketi pale ukingoni saa ngapi
ukingoja wanawake wote watoke majini?
Chumvi ile haikujichota.
Huo unaouita utulivu
ni watu waliokwenda kula.

Ya nne, ya tano, naziruka.
Ile ya barabara ya Hima, migomba imejaa vumbi:
ungepiga kwa rangi ingetoka vilevile.
Usijisifu.

Hapa kwenye mlima nisikilize.
Theluji umeiweza, hilo nakupa.
Ila mabonde umeyamwagia wino hadi yamefumba mdomo.
Weusi nao una vyumba, mwanangu.
Sisi tunapanda Kilembe usiku bila tochi
na mguu unajua jiwe la kukanyaga na la kuruka.
Rudi gizani. Kinga mwanga kwa kiganja,
hapo chini tu, sekunde mbili, mkono usitulie,
ukitulia utaacha alama ya mtu mwoga.

Ya saba ni ya kalenda. Ya nane pia, ya benki.

Na hii?
Hii imetikisika. Upeo umelala upande kama mlevi wa Jumapili.
Mbele hakuna kilicho wazi, nyuma hakuna kilicho mbali.
Mawe ya Nyamwamba, mawe, mawe tena,
na mwimo mmoja wa mlango umesimama peke yake
bila ukuta, bila mlango.
Kwa kila nilichokufundisha, hii ni ya kuwashia sigiri.

Tatizo la nyeusi na nyeupe ni hili:
maji ya mafuriko na maziwa hutoka sawa.
Tope halionekani kuwa tope.
Mtu wa Kampala atasema, tazama, mto laini kama hariri,
ataitundika juu ya kochi.

Studio yetu ya kwanza ilikuwa upande ule,
mabeseni matatu, kamba ya kuanikia, redio ya Baluku.
Mwimo wetu tuliupaka kijani, rangi iliyobaki ya shule.
Watoto walikuja kupigwa picha ya ubatizo
wakiuegemea, wakitoka na kijani mgongoni,
mama zao wakinitukana hadi sokoni.
Huu hapa ni wa kijivu.
Kwa hiyo siwezi kuapa.
Mimi niliyefanya kazi ya kijivu miaka thelathini na moja,
ninayejua kijivu cha jivu na kijivu cha mvi
na kile cha samaki aliyelala sokoni siku mbili,
siwezi kuapa.

Nimetafuta kosa jingine la kukuambia.
Kuna unywele, kona ya kulia. Au ni waya.

Za mwisho mbili nitaziona kesho, taa hii inaniumiza.
Hii usiinyooshe.
Usiifutie huo unywele.
Niambie tu, ulisimama upande gani wa mto,
na ulipogeuka, nyuma yako,
kulikuwa na nini?